Dripu, Chandarua na Kura: Kwa Nini Dawa Ipimwe Pia Mashambani

Mzazi yeyote wa Kilifi aliyewahi kulaza mtoto hospitalini anaijua dripu. Chupa ya maji hutundikwa juu ya kitanda, mrija ukateremka hadi kwenye mkono wa mtoto, na habari ikifika nyumbani kwamba mtoto "ametiwa maji," jamaa hushusha pumzi. Kwa wengi, hiyo ndiyo dalili kwamba tiba imeanza.

Ndiyo maana matokeo ya utafiti mmoja uliofanyika kati ya 2009 na 2011, Hospitali ya Kilifi ikiwa miongoni mwa hospitali sita zilizoshiriki, yaliwashtua madaktari duniani kote. Utafiti huo ulionyesha kwamba kwa watoto wenye homa kali ambao damu yao haizunguki vizuri, maji mengi yanayotiwa kwa kasi yanaongeza vifo. Tiba iliyoaminika katika hospitali kubwa za nchi tajiri ilikuwa ikiwadhuru watoto wa huku.

Jambo hilo lilijulikana kwa sababu moja tu: watoto wa mashambani wa Afrika Mashariki walishirikishwa katika utafiti. Somo la toleo hili linaeleza majaribio ya tiba ni nini, kwa nini mkazi wa kijijini anafaa kufikiwa na majaribio hayo, na ni haki zipi anazo mtu anapoombwa kushiriki, ikiwemo haki ya kusema hapana.

Utafiti wa dripu

Mtoto mwenye homa kali anaweza kufika hospitalini mikono na miguu ikiwa baridi, moyo ukienda mbio, akihema kwa taabu au akiwa amelegea. Dalili hizo humwambia daktari kwamba damu haifiki vizuri katika viungo vya mwili. Katika nchi tajiri, mwongozo ulisema mtoto huyo atiwe maji mengi mishipani haraka, katika saa ya kwanza. Huko mtoto wa namna hiyo hupelekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na mashine ya kumsaidia kupumua iko kando ya kitanda.

Hospitali nyingi za Afrika hazikuwa na vyumba hivyo wala mashine hizo. Nyingi zilikuwa zikiwatia watoto maji polepole, kiasi cha kuwatosha kwa siku. Swali likawa: je, hospitali hizi nazo zifuate mwongozo wa kutia maji kwa kasi? Wataalamu wengi walidhani jibu ni ndiyo. Lakini hakuna aliyekuwa amelipima swali hilo kwa watoto wa huku, wenye malaria na upungufu wa damu, katika wodi za huku.

Daktari Kathryn Maitland, anayefanya kazi Kilifi, aliongoza kundi la watafiti wa Kenya, Uganda na Tanzania kutafuta jibu. Hospitali zilizoshiriki zilikuwa Kilifi kwa upande wa Kenya, Teule ya Muheza kwa upande wa Tanzania, na kwa upande wa Uganda Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 waliingizwa katika sehemu kuu ya utafiti, wakagawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilitiwa kwa kasi maji ya chumvi. La pili lilitiwa kwa kasi maji yenye protini ya damu iitwayo albumini. La tatu halikutiwa maji ya kasi, lilipata kiasi cha kawaida tu. Watoto wote walipewa dawa za malaria, dawa za kuua bakteria na kuongezewa damu kulingana na hali ya kila mmoja.

Katika saa 48 za kwanza, kati ya watoto 2,097 wa makundi mawili yaliyotiwa maji ya kasi, watoto 221 walifariki. Kati ya watoto 1,044 wa kundi la tatu, walifariki 76. Kwa asilimia, vifo vilikuwa 10.6 na 10.5 katika makundi ya maji ya kasi, na 7.3 katika kundi la tatu. Kwa lugha nyepesi, kila watoto 100 waliotiwa maji kwa kasi, walifariki takriban 3 zaidi ya idadi ambayo ingefariki bila maji hayo.

Utafiti ulipangiwa watoto 3,600, lakini haukufika huko. Kamati huru iliyokuwa ikiangalia takwimu njiani ilishauri usimamishwe mnamo Januari 2011, kwa kuwa jibu lilikuwa limeshaonekana. Matokeo yalichapishwa mwaka huohuo. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba vifo vya ziada vilitokana zaidi na moyo na mzunguko wa damu kushindwa, wala si maji kujaa mapafuni kama wengi walivyokuwa wakihofu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya kuhusu maji ya mishipani kwa watoto mahututi, na utafiti huu ulikuwa miongoni mwa misingi yake.

Hapa pana jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulishika. Watoto walioishiwa maji mwilini kwa kuhara hawakuwemo katika utafiti huu. Mtoto anayehara na kutapika anahitaji maji, iwe maji ya chumvi na sukari ya kunywa au dripu, na maji hayo yanaokoa maisha. Pia dripu inayotumika kupitisha dawa au damu ni jambo jingine kabisa. Mzazi asimkatalie daktari dripu kwa sababu ya kusoma makala hii. Akiwa na wasiwasi, aulize.

Kwa nini mahali ni muhimu

Utafiti wa dripu unafundisha kwamba dawa ikifaa mahali pamoja haifuati kwamba itafaa kila mahali kwa namna ileile. Zaidi ya nusu ya watoto wale walikuwa na malaria, na takriban thuluthi moja walikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Mtoto wa London mwenye homa kali kwa kawaida hana malaria, na akizidiwa kuna mashine ya kumpumulia. Watoto hao wawili wana homa, lakini miili yao inapambana na mambo tofauti, na wodi zao hazifanani.

Kwa hiyo mkazi wa mashambani asiposhirikishwa katika majaribio, mambo mawili hutokea. Kwanza, anatibiwa kwa mwongozo uliopimwa kwa watu wengine, na hakuna anayejua kama unamfaa au unamdhuru. Pili, magonjwa yanayomsumbua yeye zaidi, kama malaria, kuumwa na nyoka au upungufu wa damu kwa watoto, hubaki bila dawa mpya kwa sababu hayapo kule dawa zinakotengenezwa.

Ni kweli pia kwamba utafiti ule ulikuwa na gharama. Kuna wazazi ambao watoto wao walipangwa katika makundi ya maji ya kasi wakafariki. Hakuna aliyejua mapema kundi lipi lingekuwa na vifo vingi. Kama ingejulikana, kura isingeruhusiwa. Lakini bila utafiti, hospitali za Afrika zingeendelea kuhimizwa kufuata mwongozo ule, na hasara ingekuwa kubwa zaidi, mwaka baada ya mwaka, bila mtu kuihesabu.

Jaribio la tiba ni nini?

Jaribio la tiba ni utafiti unaolinganisha watu waliopata tiba fulani na watu ambao hawakuipata, au waliopata tiba nyingine, ili kujua ipi ni bora na ipi ina madhara. Neno "jaribio" huwatia watu hofu, kana kwamba mtafiti anabahatisha. Kwa hakika dawa au chanjo hupita hatua kadhaa. Kwanza huchunguzwa katika maabara na kwa wanyama. Kisha hupewa watu wachache wenye afya ili kuangalia usalama. Baadaye hupewa mamia ya watu, na mwisho maelfu, ili kujua kama inafanya kazi.

Kura ndiyo sehemu inayoulizwa sana. Kwa nini mtafiti asiwape dawa mpya wale anaoona wanaihitaji? Kwa sababu akichagua mwenyewe, anaweza kuwapa walio wagonjwa zaidi, au walio karibu na barabara, au watoto wa watu anaowajua. Mwisho hataweza kusema kama tofauti ilitokana na dawa au na jinsi alivyochagua. Kura humpa kila mtu nafasi sawa, na makundi hufanana kwa umri, hali na makazi.

Wakati mwingine kundi la kulinganishia hupewa tiba iliyozoeleka. Wakati mwingine, kama hakuna tiba yoyote inayojulikana, hupewa kidonge au sindano isiyo na dawa. Katika majaribio ya chanjo, mara nyingi kundi hilo hupewa chanjo ya ugonjwa mwingine, ili nalo lipate faida fulani.

Kura si lazima ipigwe hospitalini. Mfano mzuri ni wa vyandarua. Kati ya 1993 na 1995, katika maeneo ya mashambani ya Kilifi, kura ilipigwa kwa maeneo badala ya mtu mmoja mmoja. Baadhi yalipewa vyandarua vilivyotiwa dawa ya kuua mbu, mengine yakaendelea kama kawaida kwa muda wa utafiti. Matokeo yaliyochapishwa 1996 yalionyesha kwamba kwa watoto wadogo, vyandarua vilipunguza kulazwa kwa malaria kali kwa asilimia 44 na vifo kwa asilimia 33. Majaribio kama hayo yalifanyika pia Gambia, Ghana na Burkina Faso.

Leo hakuna anayeuliza kama chandarua chenye dawa kinafaa. Mama mjamzito hupewa kliniki, na familia hugawiwa wakati wa kampeni. Lakini kabla ya miaka ile, hakuna aliyekuwa na uhakika. Vijiji vya Kilifi vilisaidia kutoa uhakika huo, na havikuhitaji kusafiri kwenda mjini kuutoa. Watafiti ndio waliokwenda vijijini.

Mstari kwenye ramani

Kilifi ina bahati ambayo kaunti nyingi hazina. Tangu 1989, KEMRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini Kenya, imekuwa na kituo kikubwa cha utafiti kando ya hospitali ya Kilifi, kwa ushirikiano na Wellcome Trust na Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 2000 kituo hicho kilianza kuwahesabu na kuwafuatilia wakazi wa eneo la takriban kilomita 900 za mraba. Wahesabuji hupita nyumba kwa nyumba wakiandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Idadi ya wakazi katika daftari hilo imezidi 260,000.

Daftari hilo limezaa matunda. Januari 2011 Kenya ilipoanzisha chanjo ya nimonia aina ya nyumokoka, watoto wote wa Kilifi walio chini ya miaka mitano walipewa nafasi ya kuchanjwa. Kwa kuwa idadi ya watoto ilijulikana, na kila mtoto aliyelazwa aliandikwa, iliwezekana kusema kwa uhakika kwamba magonjwa makali yanayosababishwa na aina za vimelea zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa umri huo.

Lakini mstari wa ramani hiyo ulichorwa vipi? Watafiti waliangalia wagonjwa wanaolazwa hospitali ya Kilifi wanatoka wapi, kisha wakachukua lokesheni zinazoleta sehemu kubwa ya wagonjwa hao. Eneo hilo linaanzia pande za Gede upande wa kaskazini hadi Junju upande wa kusini, na kuingia bara mpaka Jaribuni na Sokoke. Kwa kazi ya takwimu, njia hiyo ni ya busara.

Hata hivyo, maana yake ni kwamba barabara na nauli ndizo zilizoamua nani awe ndani. Mkazi wa Bamba, wa Kaloleni, wa Rabai au wa ng'ambo ya mto Sabaki kule Magarini hayumo katika daftari hilo. Chukua mfano wa mama aliye mbali na barabara ya lami huko Ganze, mtoto wake akizidiwa usiku. Atampeleka kwanza kwenye zahanati iliyo karibu, ikiwa imefunguliwa. Atatafuta bodaboda, kisha matatu. Hali ya mtoto wake inapofika hospitalini huenda ikawa mbaya kuliko ya mtoto wa Tezo, na huenda asifike kabisa. Matokeo ya utafiti yanayotokana na waliofika hayasemi lolote juu ya asiyefika.

Kwa sababu hiyo, kupanua majaribio hadi mashambani kunahitaji mambo yanayoonekana kwa macho. Vipimo na ufuatiliaji visogezwe hadi zahanati na vituo vya afya badala ya kumtaka mshiriki kufika hospitali kuu kila mara. Nauli na muda wa mtu vifidiwe, kwa sababu siku ya kliniki ni siku ambayo shamba halikulimwa na samaki hawakuvuliwa. Maelezo yatolewe kwa lugha ya nyumbani, kwa kuwa mzee wa Kigiriama, Kichonyi au Kikauma anaweza kuelewa Kiswahili cha sokoni na bado asielewe Kiswahili cha fomu. Na wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tayari wanazijua nyumba zote, wafundishwe kazi ya utafiti na walipwe kwa kazi hiyo inapoongezwa juu ya majukumu yao.

Tangu 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Mtafiti anayetaka kufanya kazi katika zahanati au hospitali ya umma huomba ruhusa ya Idara ya Afya ya Kaunti. Wakati huo ndio mwafaka wa kumuuliza: ni wadi zipi utazifikia, na kwa nini zile nyingine umeziacha?

Hofu ya damu

Hakuna mazungumzo ya utafiti Pwani yasiyofika kwenye damu. Wazee walilelewa na hadithi za mumiani, watu waliosemekana kunyonya damu ya wenzao ili iuzwe. Watafiti wa Kilifi wenyewe wameandika jinsi uvumi wa aina hiyo ulivyowafuata vijijini: damu inapelekwa wapi, mbona inatolewa kwa mtoto ambaye haumwi, mbona watu wale wana magari.

Ni makosa kuyaita maswali hayo ujinga. Historia ya dunia inaonyesha kwamba watu maskini wamewahi kutumiwa vibaya kwa jina la utafiti. Huko Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, mamia ya wanaume weusi wa mashambani wenye kaswende walifuatiliwa bila kuambiwa ukweli wa ugonjwa wao, na hawakutibiwa hata penisilini ilipopatikana. Sheria kali za utafiti za leo zilizaliwa kutokana na aibu kama hiyo.

Nchini Kenya, jaribio la tiba haliwezi kuanza kihalali bila kupitiwa na kamati ya maadili iliyotambuliwa. Likihusu dawa au chanjo, linahitaji pia idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Mtafiti anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti chini ya sheria ya 2013. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Na juu ya yote kuna ridhaa: mtu aelezwe, aelewe, apewe nafasi ya kuuliza, kisha aamue mwenyewe bila kushurutishwa. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeamua. Asiyejua kusoma husomewa fomu mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, kisha huweka alama ya kidole gumba.

Utafiti wa dripu ulionyesha jinsi ridhaa inavyoweza kuwa ngumu. Mtoto amezimia, kila dakika ina thamani, na mzazi anatetemeka. Kumsomea karatasi ndefu wakati huo kungechelewesha tiba, na mzazi asingeelewa neno. Kamati za maadili ziliruhusu njia ya hatua mbili: mzazi alielezwa kwa ufupi kwa mdomo na kukubali au kukataa hapohapo, kisha mtoto alipotulia alielezwa kwa kirefu na kuombwa ridhaa ya maandishi. Wapo wanaoona njia hiyo ni ya huruma, na wapo wanaoona inamweka mzazi kwenye kona. Jambo hilo linafaa kujadiliwa barazani kabla ya dharura, si wakati mtoto yuko mikononi.

Kituo cha Kilifi kina wawakilishi wa jamii waliochaguliwa na wakazi wa maeneo yao, ambao hukutana na watafiti mara kwa mara. Kazi yao ni kupeleka maswali ya kijiji kwa watafiti na kurudisha majibu. Hawawezi kumkubalia mtu mwingine. Chifu, mzee wa kijiji au mume wa jirani hawezi pia. Ruhusa ya baraza humfungulia mtafiti mlango wa kijiji, lakini ridhaa ya kila mshiriki hutafutwa peke yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Kuuliza si ujinga. Mtu anayeombwa kushiriki, au ambaye mtoto wake anaombwa, anaweza kuuliza haya:

1. Utafiti huu unatafuta jibu la swali gani, na unamhusuje mtu kama mimi?
2. Ni kamati gani ya maadili iliyouidhinisha? Naweza kuona barua?
3. Kuna kura? Kila kundi litapewa nini? Je, mtakaonipa ni dawa mpya, ya kawaida au isiyo na dawa ndani?
4. Damu itatolewa kiasi gani na mara ngapi? Itapimwa wapi na kuhifadhiwa kwa muda gani? Aombe kiasi kitajwe kwa vijiko. Kijiko kimoja cha chai ni mililita 5.
5. Madhara gani yanajulikana? Nikidhurika, nani atalipia matibabu yangu?
6. Nauli italipwa? Nitahitajika siku ngapi?
7. Nikikataa leo au nikijitoa baadaye, matibabu yangu ya kawaida yataathirika?
8. Matokeo yataletwa kijijini lini, na kwa lugha gani?

Jibu la swali la saba lazima liwe hapana. Mtu anayekataa utafiti hutibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Akiambiwa vinginevyo, hiyo ni sababu tosha ya kutotia sahihi na kupiga ripoti kwa msimamizi wa kituo cha afya au kwa kamati ya maadili, ambayo mawasiliano yake huandikwa kwenye fomu. Nakala ya fomu hiyo ni ya mshiriki. Aende nayo nyumbani.

Aangalie pia upande wa pili. Akiahidiwa mambo makubwa mno, fedha nyingi au uponyaji wa hakika, afikirie mara mbili. Kurudishiwa nauli ni haki, lakini kununuliwa si ridhaa.

Baada ya jaribio

Swali la nane ndilo linalosahaulika zaidi. Watoto wa Kilifi walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Jaribio lake kubwa, lililofanyika kati ya 2009 na 2014, lilikuwa na vituo 11 katika nchi saba za Afrika, na watoto wachanga na wadogo 15,459. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, chanjo ilipunguza malaria kwa takriban asilimia 36 katika miaka minne ya ufuatiliaji. Kilifi ilishiriki pia katika jaribio kubwa la chanjo ya pili, R21, pamoja na vituo vya Burkina Faso, Mali na Tanzania. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha matumizi ya chanjo ya kwanza Oktoba 2021, na ya pili Oktoba 2023.

Kenya ilipoanza kutoa RTS,S mwaka 2019, ilianza katika kaunti za eneo la Ziwa Viktoria, ambako malaria imekithiri. Uamuzi huo una sababu yake ya kiafya. Lakini mzazi wa Junju ambaye mtoto wake alichomwa sindano katika majaribio ana haki ya kuuliza: na sisi je? Maadili ya utafiti yanataka swali la nani atanufaika lijibiwe kabla jaribio halijaanza, likaandikwa. Jamii isiyouliza mapema hujikuta ikiuliza kwa kuchelewa.

Kurudisha matokeo nako ni deni. Mzazi aliyekubali mwanawe ashiriki katika utafiti wa dripu anafaa kuelezwa kilichopatikana, hata kama matokeo yalikuwa ya kuhuzunisha, na hasa kama mtoto wake hakupona. Hilo likifanyika barazani kwa lugha ya wenyeji, utafiti unaofuata hupokelewa na watu wanaoelewa wanachoombwa.

Maswali ya majadiliano

Viongozi wa vikundi, walimu na wahamasishaji wa afya ya jamii wanaweza kuyatumia haya katika mikutano yao:

1. Kwa nini maji ya kasi yalipimwa kwa watoto wa Afrika ingawa tayari yalikuwa yakitumika katika nchi tajiri?
2. Eleza kwa mwenzako kura inavyofanya kazi, ukitumia mfano wa vyandarua.
3. Kama utafiti ungekuja katika wadi yenu leo, ni nani ambao wangeachwa nje kwa sababu ya barabara, lugha au nauli?
4. Mzazi anapofika hospitalini na mtoto mahututi, aombwe ridhaa vipi?
5. Andikeni mambo matatu ambayo kijiji chenu kingetaka yaahidiwe na mtafiti kabla ya kuanza kazi.

Majibu ya swali la tano yanaweza kupelekwa kwa msimamizi wa wadi au kwa kamati ya afya ya kituo kilicho karibu, ili mtafiti atakapofika ayakute yameshaandikwa.